Saa 48 za kwanza kwenye meli ya kitalii: mwongozo kwa anayetoka Nairobi kupandia Durban

Anayepanda meli ya kitalii mara ya kwanza huogopa mawimbi. Kwa mtu wa Nairobi, kinachosumbua kwanza ni kadi ya benki, halafu simu, halafu saa. Mawimbi ni ya nne. Hatua hizi zimepangwa kwa safari zinazotoka Durban kwenda Msumbiji wakati wa kiangazi cha kusini, ila nyingi zitakufaa hata ukipandia Dubai au Barcelona.

1. Kabla ya kutoka nyumbani

Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza ya kutembelea Afrika Kusini kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Cheti cha homa ya manjano ndicho kinachokwamisha watu. Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo sindano ya juzi haikusaidii. Ikishapita hizo siku kumi, cheti ni cha maisha.

Fika Durban siku moja kabla ya meli. Ukipitia Johannesburg, pasipoti inagongwa muhuri hapo, na begi unalichukua mwenyewe kwenye mkanda, unapita nalo forodha, kisha unalikabidhi tena kwa ndege ya Durban. Usikubali kubadilisha ndege kwa saa moja na nusu. Tafuta pengo la saa tatu.

Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi nyingi za meli, ambazo huwa za Ulaya za matundu mawili ya mviringo na za Marekani za bapa. Adapta za barabara ya Luthuli, Nairobi, zinatosha, pamoja na chaja moja yenye milango minne ya USB. Acha nyumbani kebo ya ekstensheni, pasi na birika la umeme: vinachukuliwa mlangoni kwa hofu ya moto na kurudishwa siku ya kushuka. Ndoano za sumaku zichukue tano au sita. Kuta za vyumba vingi vya meli ni chuma, na chumba kina kabati dogo.

Na majani ya chai. Chai ya meli ni maji moto, kifuko na maziwa baridi pembeni. Anayetaka chai iliyochemka na maziwa aombe jikoni kwa upole na asitegemee.

2. Bandarini

Begi kubwa linafungwa lebo ya namba ya chumba na kukabidhiwa wapagazi. Linaweza kukufikia saa mbili usiku. Begi la mkononi libebe pasipoti, dawa zote, chaja, nguo za kuogelea na shati la kubadilisha.

3. Kadi: fanya hili kabla ya kula

Ndani ya meli hakuna pesa taslimu kaunta. Unapewa kadi ya chumba, nayo ndiyo ufunguo, kitambulisho na pochi. Kila unachonunua kinaandikwa kwenye akaunti ya chumba, na akaunti hiyo lazima iegemee kitu: kadi ya benki au amana ya fedha taslimu. Hapa ndipo watu hupoteza alasiri nzima ya kwanza wakiwa kwenye foleni ya mapokezi.

Benki nyingi za Kenya hufunga matumizi ya kadi nje ya nchi mpaka mteja aombe, au huweka kikomo kidogo cha siku. Fungua kupitia programu ya benki au tawini angalau siku tatu kabla, na uulize kikomo cha siku ni kiasi gani kwa dola. Swali hilo la pili ndilo husahaulika.

Kadi iwe ya plastiki, jina lake lifanane na la pasipoti. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay ni nzuri kwa kulipia tiketi ukiwa nyumbani, lakini haina plastiki ya kuingiza kwenye mashine ya meli. Kadi za kulipia kabla nazo mara nyingi hukataliwa.

Sasa tatizo lenyewe. Meli haikati pesa kila unaponunua soda. Inaiomba benki izuilie kiasi fulani, na hesabu halisi hukatwa mwisho wa safari. Mwenye kadi ya mkopo hahisi kitu. Mwenye kadi ya kawaida ya akaunti ya benki anazuiliwa pesa zake mwenyewe, na kizuizi cha zamani hakitoki papo hapo kipya kinapoingia. Tuseme siku ya kwanza umetumia dola 60, zikazuiliwa. Siku ya pili jumla imefika dola 90, meli inaomba kizuizi cha 90. Kwenye akaunti yako sasa zimeganda dola 150, ingawa umetumia 90 tu. Zile 60 zinaweza kukaa siku kadhaa, hata baada ya kurudi Nairobi. Salio likiisha, kadi ya chumba inakataa, na hutajua mpaka mhudumu wa baa aichanje mara mbili na kukutazama.

Usidhani utakwepa kwa kutonunua. Kampuni nyingi huongeza ada ya huduma kila siku kwa kila mtu, na hiyo pekee inatosha kuamsha vizuizi.

Kwa hiyo, kama huna kadi ya mkopo, weka amana ya fedha taslimu. Nenda mapokezi na noti za sarafu ya meli, ambayo utakuwa umeithibitisha wakati wa kulipia safari, uliza kiwango cha chini kwa chumba, weka, chukua risiti. Kilichobaki unarudishiwa usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka. Watu huona kama ushamba. Sivyo: ndiyo njia pekee ambayo benki yako haihusiki kabisa.

Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa sarafu ya meli, chagua sarafu ya meli. Kiwango cha shilingi kinachotolewa pale kimeongezewa faida ya mtu.

Wenye watoto waombe kadi za watoto zifungwe kununua. Na asubuhi ya siku ya pili, soma hesabu yako kwenye runinga ya chumbani. Kinywaji cha chumba jirani kilichoandikwa kwako kinaondolewa kwa dakika mbili siku hiyo. Siku ya mwisho utapanga foleni na nusu ya meli.

4. Zoezi la dharura

Ni lazima. Namba ya kituo chako cha kukusanyikia imeandikwa kwenye kadi ya chumba. Kwenye meli nyingi sasa unatazama video kwanza, kisha unafika kituoni kadi ichanjwe. Tembea kwa ngazi, usitumie lifti, ujifunze njia. King'ora cha dharura ni milio mifupi saba na mmoja mrefu. Costa Concordia ilipogonga mwamba Januari 2012 na watu 32 wakafa, waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo hawakuwa wamefanya zoezi. Tangu 2015 sheria inataka lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

5. Simu

Kabla meli haijang'oa nanga, weka simu kwenye hali ya ndegeni, kisha washa waifai peke yake. Ukiiacha wazi, ikipoteza minara ya pwani itashika mtandao wa simu wa meli unaopitia setilaiti. Vifurushi vya romingi vya nyumbani kwa kawaida havihusu mtandao huo, na simu hujipakulia picha za WhatsApp bila kukuuliza.

Hali ya ndegeni ina bei yake: ujumbe wa benki wenye nambari ya siri ya mara moja hautafika. Kwa hiyo kila malipo ya mtandaoni, yaani kifurushi cha waifai na matembezi ya bandarini, yamalize ukiwa bado Durban na laini inafanya kazi. Programu ya meli kwa kawaida hufunguka bure kwenye waifai ya ndani hata bila kununua intaneti. Ipakue ukiwa Nairobi.

6. Saa

Durban na Msumbiji ziko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Zima kujirekebisha kwa saa kwenye simu, iweke kwa mkono ifuate saa iliyoko kwenye runinga ya chumbani. Afadhali hata zaidi, vaa saa ya mkononi.

Ratiba zote zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24. Ukiwa na wazazi wanaosoma saa kwa Kiswahili, usiwaambie "faivu" wala "saa tano". Ondoa sita: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni. Waandikie kwenye karatasi ya kila siku.

7. Tumbo na bahari

Kutoka Durban mkondo wa Agulhas unashuka kusini-magharibi. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma unagongana nao, na mawimbi huwa mafupi na ya wima. Dawa kama sinarizini, ambayo kemisti za mtaani zinayo, hufanya kazi ikitangulia: imeze saa mbili kabla ya kuondoka, si baada ya kichefuchefu. Muulize mfamasia kipimo, hasa kwa mtoto au mjamzito. Inaleta usingizi, usiichanganye na pombe.

Ikikushika hata hivyo, usijilaze chumbani. Tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya meli, ndiko kunakopanda na kushuka zaidi, basi kaa katikati ya meli, sitaha ya chini, macho kwenye upeo. Kula mkate mkavu.

Ugonjwa wa kuhara melini husababishwa mara nyingi na norovirusi. Dawa ya kupaka mikononi haiiui vizuri. Sabuni na maji, kila mara kabla ya bufe.

8. Meza

Saa ya chakula cha jioni na meza zibadilishe siku ya kwanza, kwa msimamizi wa mkahawa. Chakula halali kiombwe wakati wa kulipia safari na kikumbushwe jioni hiyohiyo. Usiku wa kuvaa rasmi mara nyingi huwa siku ya kwanza ya baharini. Suti ya mtumba ya Gikomba iliyopigwa pasi nyumbani inatosha.

9. Kushuka mara ya kwanza

Beba kadi ya chumba na kitambulisho unachoambiwa, na piga picha ya ubao ulio mlangoni unaoonyesha saa ya mwisho ya kurudi. Saa hiyo ni kabla ya meli kuondoka, kwa nusu saa au zaidi. Mahali ambapo abiria hushushwa kwa mashua ndogo, hesabu foleni ya kurudi: ondoka ufukweni saa moja na nusu kabla ya mashua ya mwisho.