Panya Amefia Ndani: Namna ya Kumsaka, Kumtoa na Kuondoa Harufu

Kazi yangu ni kupuliza dawa na kudhibiti panya majumbani, Dar es Salaam. Mara nyingi naitwa harufu ikiwa na siku nne au tano. Nakuta chetezo kinafuka ubani sebuleni, manukato yamepulizwa mpaka macho yanawasha, na harufu ipo palepale. Ubani hautoi mzoga. Harufu itakwisha mzoga ukitolewa, au ukikauka wenyewe: kipanya kidogo huchukua kama wiki moja, panya mkubwa wiki mbili hata tatu. Kwa hiyo msake.

Hatua ya 1: Hakikisha si gesi wala choo

Gesi ya kupikia huwekewa kemikali inayonuka kama yai viza ili ikivuja watu wajue. Harufu ikija ghafla na kuzidi karibu na jiko au mtungi, funga mtungi, fungua milango, mtoke nje, na msiguse swichi yoyote. Harufu ya mzoga haiji ghafla. Siku ya kwanza unaihisi kwa mbali, ya tatu inakupanda kichwani.

Kama kuna bafu lisilotumika, mwaga ndoo ya maji kwenye tundu la sakafuni. Maji yanayotuama kwenye bomba chini ya tundu hilo yakikauka, hewa ya shimo la choo hupanda ndani.

Hatua ya 2: Msake kwa pua na macho

Usiku funga milango ya vyumba vyote na uzime feni. Asubuhi, kabla ya kufungua madirisha, kaa nje dakika kumi, maana pua huzoea harufu haraka. Kisha ingia chumba kimoja kimoja. Nusa usawa wa sakafu, halafu panda stuli unuse kwenye tundu la taa. Nzi wakubwa wa kijani wakijazana kwenye kioo cha dirisha, msafara wa sisimizi ukipanda ukutani, au doa la rangi ya chai likitokea kwenye jipsamu ya dari, umekaribia.

Usikimbilie kubomoa. Mama mmoja nilimkuta fundi ameshamtobolea dari mahali pawili na hakuna kilichopatikana. Nikauliza harufu inazidi saa ngapi. Mtoto wake wa kama miaka minane akajibu, "Friji likianza kunguruma." Tukalivuta friji. Panya alikuwa amelala kwenye kile kitrei cha maji nyuma, ubavu umeegemea mota, manyoya yameganda kwenye plastiki. Kila mota ilipopata moto, harufu ilipanda. Tangu siku ile sipandi darini kabla sijatazama nyuma ya friji, chini ya makabati ya jikoni na ndani ya sofa lililochanika kitambaa cha chini.

Hatua ya 3: Kupanda darini

Panda asubuhi, kabla ya saa tatu, maana bati likishika jua huko juu hapakaliki. Zima meni swichi kwanza, kwa sababu panya hutafuna nyaya. Kanyaga mbao tu, usikanyage jipsamu. Kama hakuna tundu la kupandia, kata kipande cha mraba penye doa. Hakitafaa kurudishwa, kwani jipsamu hunywa majimaji ya mzoga na itaendelea kunuka.

Hatua ya 4: Kumtoa

Hapa naomba uwe makini kweli. Panya akifa na mwili kupoa, viroboto wake huhama kutafuta mwili wenye joto. Lushoto, kule Tanga, watu waliugua tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, na ugonjwa huo huenezwa na viroboto. Vaa glovu, barakoa na shati la mikono mirefu. Pulizia dawa ya wadudu pale alipolala. Kisha changanya kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia na vikombe tisa vya maji, mloweshe, subiri dakika tano. Usiichanganye klorini na siki wala dawa ya choo, hutoa hewa ya sumu. Usifagie pakiwa pakavu, vumbi la kinyesi cha panya si la kuvuta.

Mtie kwenye mfuko, funga, tia kwenye mfuko wa pili. Tupa penye taka zinazozolewa, au umtoe mfukoni umfukie mbali na kisima, kina cha nusu mita au zaidi, mbwa wasimfukue. Futa pale mahali kwa klorini, paache pakauke, kisha weka beseni la mkaa mkavu.

Asipofikika kabisa, ziba nyufa zote zinazoleta hewa chumbani, acha matundu ya hewa ya nje wazi, na uvumilie akauke.

Hatua ya 5: Acha sumu

Nyumba nyingi ninazoitwa zilikuwa zimewekewa sumu wiki iliyopita. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya hufa baada ya siku kadhaa, popote alipojificha. Kwamba akiila atatoka nje kutafuta maji si kweli. Paka au bundi akimla panya huyo, naye huweza kufa. Na vile vipakiti visivyo na lebo vinavyotembezwa mitaani visiingie kabisa kwenye nyumba yenye watoto.

Tumia mitego ya kubana, chambo dagaa au siagi ya karanga, itegwe ikigusa ukuta kwa sababu panya hupita akijibana ukutani. Ziba matundu: linalopitisha kidole gumba linamtosha panya, linalopitisha kalamu linamtosha kipanya. Sindilia stilwaya, kisha saruji juu yake. Angalia hasa mwanya wa migongo ya bati juu ya fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa, na ukate matawi ya mwembe yanayogusa paa.

Mitego ikague kila asubuhi, hasa ile ya darini. Joto la Dar halingoji siku ya pili.