Kabla miguu haijagoma

Dimensia tumeizoea kama ugonjwa wa kusahau, na maandalizi yetu huishia hapo: majina, funguo, jiko lililoachwa likiwaka. Miguu hatuifikirii mpaka siku mzee anapokutwa sakafuni. Ila kutembea nako ni kazi ya ubongo. Kwa mwenye Alzheimer, aina ya dimensia inayopata watu wengi zaidi, mwendo huharibika zaidi hatua za baadaye. Kwa mwenye dimensia ya mishipa ya damu au ya miili ya Lewy (vibonge vya protini vinavyojikusanya ndani ya ubongo), unaweza kubadilika mapema sana. Muulize daktari mgonjwa wako ana aina gani, maana jibu hilo litakuambia una muda kiasi gani wa kujipanga.

Anza kwa kuandika unachokiona, pamoja na tarehe. Anaburuza nyayo? Hatua zimekuwa fupi? Anajishikilia ukutani, anahangaika kugeuka, anajibwaga kitini badala ya kukaa taratibu? Tarehe ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Nguvu zikipungua kidogo kidogo kwa miezi, huenda ni ugonjwa wenyewe. Akiwa jana alitembea na leo hawezi kusimama, tafadhali usiseme "ndiyo hali yake". Hapo huwa kuna jambo jingine: maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, dawa mpya, kiharusi, hata nyonga iliyovunjika na mwenyewe hawezi kueleza maumivu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dawa za usingizi, za kutuliza na za presha nazo zipitiwe na daktari, kwa sababu baadhi huleta kizunguzungu mtu anaposimama.

Nyumba itazame kwa macho yake. Mama yangu alikuwa akifika kwenye zulia jeusi mlangoni anasimama, kisha ananyanyua mguu kana kwamba anavuka mtaro. Tulidhani ni ukaidi. Kumbe dimensia huvuruga namna ubongo unavyopima kina, na kitu cheusi sakafuni huweza kuonekana kama shimo. Zulia likaondoka. Weka taa njia ya kwenda chooni usiku, vishikio chooni na bafuni, na viatu vinavyofunika kisigino badala ya ndala.

Kumwinua ndiko wengi tunakokosea, na mgongo wako ndio unaolipa. Usimvute mikono wala usimruhusu akuning'inie shingoni. Asogee ukingoni mwa kiti, miguu irudi nyuma chini ya magoti, ainame mbele, kisha asukume mikono ya kiti. Mpe agizo moja tu kwa wakati mmoja, kwa maneno yaleyale kila siku, na umsubiri; jibu linaweza kuchukua sekunde kadhaa. Akiwa anatembea usimpigie soga, maana kuongea na kutembea kwa pamoja kunaweza kumshinda. Kiti kifupi kilicholegea ni adui. Tafuta kigumu chenye mikono. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, akikuonyesha haya mara moja kwa vitendo, inatosha kuliko maelezo yangu yote.

Kiti cha magurudumu ni msaada wa safari ndefu. Kikigeuka makao ya kutwa, misuli hunyauka haraka, kwa hiyo kama bado anaweza kwenda mezani kwa miguu, aende, hata ikichukua robo saa.

Na jipange kwa kuanguka kabla hajaanguka. Usimnyanyue papo hapo. Mtazame kwanza: mguu mmoja umeonekana mfupi au umegeukia nje? Amegonga kichwa huku anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Basi asinyanyuliwe kwa nguvu, na hospitali ni lazima, hata akisema hana neno. Namba ya jirani mwenye nguvu, ya gari la wagonjwa na orodha ya dawa zake ziandikwe kwa herufi kubwa, zibandikwe pale ambapo hata mgeni ataziona saa nane za usiku.