Ukiingia leba, shika na mkono wa mama

Wanangu wa ukunga mnaoanza rotesheni ya leba, hii nilijifunza kwa aibu. Wiki ya kwanza wodini hapa Dar natega fetoskopu (kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto) tumboni kwa mama, nasikia du du du, nahesabu, 96! Moyo ukaniruka nikamkimbilia sista, kumbe nilichohesabu ni mapigo ya mama mwenyewe. Sista kacheka weee, halafu akanielekeza: sikio kwenye fetoskopu, vidole kwenye mshipa wa mkono wa mama, mapigo yakienda pamoja ujue mtoto bado hujampata, sogeza, tena kabla ya yote papasa tumbo ujue mgongo wa mtoto uko upande gani maana hapo ndo anasikika vizuri. Hesabu dakika nzima, sio sekunde 15 unazidisha na 4, na usikilize uchungu ukishaachia tu. Kawaida ya mtoto ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika, unasikiliza kila nusu saa kwenye hatua ya kwanza ya uchungu, na patografu (chati ya kufuatilia uchungu) unajaza hapo hapo, hizi za ntajaza baadae ndo zinatuponza. Saa yenye mshale wa sekunde kanunue Kariakoo, simu iache kwenye begi, sista wa zamu akikukuta nayo utajuta.