Kupiga Kambi kwa Gari-Nyumba katika Hifadhi ya Big Bend, Texas: Anza na Hesabu ya Maji

Hifadhi ya Taifa ya Big Bend, iliyoanzishwa mwaka 1944, iko magharibi mwa Texas, pale ambapo mto Rio Grande unajikunja na kuwa mpaka kati ya Marekani na Meksiko. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 3,200, sehemu kubwa ikiwa ni jangwa la Chihuahua, na kutoka Houston, ambako siku hizi Kiswahili husikika hadi sokoni, safari ni ya takriban kilomita 1,000. Mji mdogo wa Marathon ndio wa mwisho ukishuka kutoka barabara kuu ya 10; kutoka hapo hadi makao makuu ya hifadhi, Panther Junction, kuna kilomita 110 hivi zisizo na duka, na mawasiliano ya simu hukatika mapema.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia inayokodi kwa mara ya kwanza lile gari lenye vitanda, jiko na choo ambalo Wamarekani huliita RV, na ambalo hapa nitaliita gari-nyumba. Wasafiri wengi hujiandaa kwa chakula na mafuta. Hayo ni ya lazima, lakini kwa uzoefu wangu kinachoiharibia familia siku zake za mapumziko si njaa wala mafuta kuisha, bali ni tangi la maji machafu lililojaa siku ya pili. Safari yetu ya kwanza maji ya vyombo yalipanda yenyewe kwenye bafu usiku, yakiwa na mafuta ya pilau juu yake, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuhesabu lita.

Hata hivyo, kabla ya lita kuna urefu wa gari, kwa sababu ndio unaoamua utalala kambi gani. Kambi ya Chisos Basin iko milimani, kiasi cha mita 1,650 kutoka usawa wa bahari, na hali yake ya hewa ni ya kuvutia, lakini barabara ya kuifikia ina kona kali na mteremko unaofikia asilimia 15, kiasi kwamba uongozi wa hifadhi unashauri gari-nyumba linaloingia huko lisizidi futi 24, yaani mita 7.3, na tela lisizidi futi 20. Magari mengi ya kukodi yenye vitanda vya watu sita huzidi kipimo hicho, na mahali pa kugundua hilo si katikati ya kona. Cottonwood, upande wa magharibi karibu na korongo la Santa Elena, ni kambi tulivu, ila hairuhusu jenereta kabisa, vyoo vyake ni vya shimo, na haina mahali pa kumwagia majitaka.

Inabaki Rio Grande Village, upande wa mashariki, kilomita 32 kutoka Panther Junction, ambapo kuna kambi mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ina viwanja 25 vyenye umeme, maji na bomba la majitaka kwa kila gari, lakini kwa hakika ni uwanja wa lami wa kuegeshea magari kando ya duka. Ya pili ina viwanja zaidi ya 90 chini ya miti mikubwa karibu na mto; haina umeme wala maji ya kuunganisha kwenye gari, ila ina mabomba ya maji ya kunywa, vyoo vya kuvuta maji na kituo cha kumwagia majitaka. Ninapendekeza hii ya pili, hasa kwa wenye watoto, na maelezo yafuatayo yanaihusu.

Nafasi huwekwa kwenye tovuti ya Recreation.gov hadi miezi sita kabla, na ukurasa wa kila kiwanja hutaja urefu wa juu wa gari linaloweza kuegeshwa hapo. Uliza kampuni ya kukodisha urefu kamili wa gari, kuanzia bampa ya mbele hadi ngazi au kibebea baiskeli cha nyuma, kwa maana tofauti ya mita moja hutosha kukukosesha kiwanja. Wiki ya Sikukuu ya Shukrani, Krismasi, na likizo ya shule ya mwezi Machi hujaa kabla ya nyingine zote. Usishawishike na nafasi tele za Mei na Juni: bondeni mwa mto joto hupita nyuzi 38 mara kwa mara, na kwa kuwa jenereta huruhusiwa kati ya saa mbili asubuhi na saa mbili usiku tu, kiyoyozi chako kitanyamaza wakati watoto wanapohitaji kulala. Kipindi cha Novemba hadi Machi ndicho chenye raha, ingawa usiku wa jangwani wakati huo huwa na baridi ya kuhitaji blanketi nzito.

Siku ya kuchukua gari usikubali kuharakishwa. Mwombe mhudumu awashe kila kitu mbele yako: jiko, friji, hita ya maji, jenereta, pampu na taa za kuonyesha kiwango cha matangi. Hakikisha kuna mpira wa maji ya kunywa ulio safi na unaotunzwa mbali na ule mpana wa majitaka, kwamba huo wa majitaka hauna tundu, na kwamba umepewa vipande vya plastiki vya kuinulia magurudumu. Ni vyema friji iwashwe usiku wa kuamkia safari, kwani huchukua saa nyingi kupoa. Andika kimo cha gari kwenye karatasi na uibandike karibu na usukani. Mtu aliyezoea gari dogo husahau kwamba ana paa refu, akajikuta amekwama chini ya kibanda cha kituo cha mafuta.

Wengi hujaza tangi la maji safi nyumbani. Sioni sababu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 ni sawa na kubeba watu wazima wawili kwa kilomita 1,000, huku ukiwalipia mafuta. Beba robo ya tangi kwa mahitaji ya njiani, pamoja na maji ya kunywa kwenye madumu kwa ajili ya dharura, kisha ujaze ukifika. Mafuta ndiyo ya kujaza hadi juu ukiwa Marathon, hata kama Panther Junction na Rio Grande Village vipo vituo, kwa sababu umbali ndani ya hifadhi ni mkubwa. Unapojaza, zima kila kifaa kinachotumia gesi. Kwenye miteremko teremka kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki muda wote, na upepo wa jangwani ukianza kulisukuma gari ubavuni, punguza mwendo bila kuwaonea haya walio nyuma.

Fika kambini mchana. Kurudisha gari refu nyuma katikati ya miti gizani ni kujitafutia hasara, na hata mchana mmoja wenu awe utingo: ashuke, asimame mahali ambapo dereva anamwona kwenye kioo, atazame mkia wa gari pamoja na matawi ya juu, na mkubaliane ishara za mikono kabla ya kuanza. Baada ya hapo weka pimamaji sakafuni, liwe lile lile la fundi wa kuta, na uinue magurudumu hadi gari lilale sawasawa. Si suala la kulala vizuri tu. Friji nyingi za magari haya hupoza kwa kutumia moto wa gesi, na mzunguko wa kimiminika ndani yake hutegemea gari kuwa sawa. Likiinama sana, friji hushindwa kufanya kazi na huweza kuharibika.

Sasa hesabu yenyewe. Gari-nyumba lina matangi matatu: la maji safi, la maji machafu yanayotoka bafuni na kwenye sinki, na la choo. Tuchukulie gari lenye lita 150 za maji safi na lita 110 kwa kila tangi kati ya hayo mawili mengine. La kwako lina vipimo vyake, vitafute kwenye kitabu cha gari. Mtu mmoja akioga kwa dakika 5 huku maji yakitiririka, lita 30 na zaidi zimekwenda. Watu watatu wa namna hiyo wamekaribia kulijaza tangi la maji machafu kabla chungu hakijaoshwa. Hapa sisi tuliokulia kwenye ndoo na kopo tuna ujuzi ambao Mmarekani hununua kwa shida: lita 6 zinatosha kuoga mtu mzima akatakata. Kwa familia ya watu watano hiyo ni lita 30 kwa siku. Ongeza lita 15 za vyombo na 10 za kunawa, unapata 55, na tangi litajaa kwa siku mbili kamili. Lakini mkioga kwenye mabafu ya kulipia yaliyo dukani pale Rio Grande Village, zinabaki lita 25 kwa siku, na tangi hilo hilo litawapeleka siku nne bila kung'oa kambi. Kung'oa kambi ndiyo kero hasa: kituo cha majitaka kiko hapo hapo, ila kukifikia ni lazima kufunga makabati, kushusha vyombo vyote, kuondoa vipande vya magurudumu, kisha kuanza upya.

Vyombo ndivyo huvujisha hesabu hiyo bila mtu kutambua. Futa kila sahani kwa karatasi kabla haijaguswa na maji. Sufuria ya ugali isilowekwe. Kwangua ukoko ukiwa mkavu na uutie kwenye taka, kwani ukiingia kwenye tangi hugeuka uji unaonuka na kuzidanganya zile taa za kuonyesha kiwango. Mafuta ya kukaangia yaachwe yapoe, yafungwe kwenye chupa na kutupwa. Usimwage maji machafu chini hata usiku, hata yakiwa ya kunawia mikono: ni kosa ndani ya hifadhi, na chumvi na masalia yake huwavuta wanyama kambini.

Unapokwenda kumwaga, vaa glavu, unganisha mpira mpana, shikilia ncha yake kwenye tundu la kituo, kisha fungua kwanza vali ya tangi la choo. Likimalizika lifunge, ndipo ufungue la maji machafu, ili maji ya sabuni yasuuze mpira. Vali zote mbili zibaki zimefungwa kambini siku zote. Ukiacha ya choo wazi mahali penye bomba la majitaka, maji hutoka na kinyesi hubaki, ukajitengenezea kichuguu ndani ya tangi. Baada ya kumwaga, rudisha lita 10 au 15 za maji kwenye tangi la choo pamoja na dawa yake. Mpira wa maji ya kunywa usiguswe kwa glavu hizo.

Kuhusu umeme, betri ya kawaida ya risasi isishuke chini ya nusu ya chaji yake, yaani takriban volti 12.1 ikiwa imetulia. Mlaji mkubwa wa usiku ni feni ya kupuliza joto, si taa. Washa jenereta saa moja au mbili mchana, ukizingatia kwamba sehemu fulani ya kambi imetengwa kwa wasiotaka kuisikia kabisa, na usifunike wala kutoa betri ya king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu itokayo kwenye moshi, hata kikikusumbua.

Moto wa kuni hauruhusiwi popote hifadhini. Mkaa huruhusiwa kwenye majiko ya chuma yaliyopo viwanjani, isipokuwa ukame au upepo unapoulazimisha uongozi kupiga marufuku, kwa hiyo nyama choma inawezekana, ila uwe na njia mbadala ya gesi. Ukishakula usiache kitu mezani. Havelina, mnyama anayefanana na ngiri mdogo, huja kwa makundi, na dubu weusi, waliorejea wenyewe kutoka milima ya Meksiko miaka ya 1980, wapo hifadhini. Chakula, dawa ya meno na hata ndoo ya taka viwekwe ndani ya gari lililofungwa au kwenye makabati ya chuma ya kambini.

Jambo la mwisho linawahusu zaidi wageni wa nchi kama sisi. Kwenye barabara zinazotoka hifadhini kuelekea kaskazini kuna vizuizi vya askari wa doria ya mpakani, ambao humuuliza kila msafiri uraia wake. Mkazi wa kudumu mwenye miaka 18 na zaidi anatakiwa kisheria kutembea na kadi yake, si picha yake kwenye simu, na wengine wawe na pasipoti pamoja na hati zao za kukaa. Kivuko cha Boquillas, ambako boti ndogo huvusha watu kwenda kijiji cha Meksiko kula chakula cha mchana, kisimshawishi mtu ambaye viza yake ni ya kuingia Marekani mara moja tu. Weka hati hizo kwenye mfuko wa mlango wa dereva asubuhi ya kuondoka, wakati matangi yanamalizikia kutiririka kituoni, kwa sababu ukishaanza kuendesha, mabegi yote yatakuwa chini ya kitanda.