Kompyuta ya mkononi ya bei nafuu: anza na betri

Wanaokuja kibandani kwangu kutaka kuunda kompyuta ya mkononi huulizia skrini kwanza. Mimi huwarudisha kwenye betri, maana hapo ndipo pesa huokolewa na hapo ndipo nyumba huungua.

Pita kwa mafundi wa laptopu wa Digo Road, Mombasa, uwaombe betri mbovu, zile nene za zamani. Ndani mna seli za 18650, za mviringo kama betri za tochi, na mara nyingi iliyokufa ni moja au mbili tu. Ganda la betri lifungue taratibu kwa koleo, uzitoe seli. Usitoboe wala usikunje: lithiamu ikitobolewa huwaka. Pima kila moja kwa mita. Iliyo chini ya volti 2.5 usijaribu kuifufua. Zilizobaki zichaji hadi 4.2, uziweke wiki nzima, upime tena. Ile iliyobaki juu ya 4.1 ndiyo yako. Wiki hiyo siiruki hata mteja akinibembeleza, kwa sababu mashine hii italala chumba kimoja na watoto.

Seli mbili zenye volti sawa ziunge chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Chaja ni kibao cha TP4056, kile chenye ncha za B, za kuungia betri, na za OUT, za kutolea umeme. Kisicho na OUT hakina ulinzi, kiache dukani. Halafu kipandisha volti, MT3608. Hiki kinaweza kutoa hadi volti 28, basi zungusha skrubu yake huku mita imeshikizwa, mpaka isome 5.1, ndipo uguse kompyuta. Nilisahau mara moja. Kompyuta yenyewe, kibao kidogo cha Raspberry Pi Zero 2 W, iliyotoka 2021 kwa dola 15 na huku hufika kwa zaidi, ilitoa harufu ya kuungua kabla sijanyanyua mkono.

Lehemu pini 40 za Pi hiyo, chomeka skrini ya inchi 3.5, tafuta kibodi ndogo isiyo na waya. Kasha liwe la plastiki, kwani bati huzuia Wi-Fi.

Sasa chumvi. Mashine ya kwanza nilimpa mpwa wangu Likoni, kwao dirisha linatazama bahari. Kusi ilipopita akanirudishia: kila kiungo kimeota kutu ya kijani, waya mmoja umekatika kwa kuguswa tu. Tangu hapo napaka viungo vyote rangi ya kucha, mara mbili, nikiacha pini na matundu.

Mwisho ni kadi. Waliobuni Simputer, kompyuta ya mkononi ya bei nafuu, kule Bangalore, India, walitaka mashine moja itumiwe na watu wengi, kila mmoja na kadi yake. Wazo hilo nalipenda mno, na kwa Pi ni rahisi: kadi ya microSD ndiyo kompyuta yote, mfumo na faili za mtu. Watoto wanne, kadi nne za GB 32, mashine moja. Kila kadi itie Kiwix, programu ya kusomea bila mtandao, na Wikipedia ya Kiswahili, isomeke bila bando. Kwa mpwa wangu hupokezana baada ya magharibi, kila mtoto jina lake limeandikwa kwenye kadi kwa kalamu nyeupe. Waonyeshe hili kwa mkono wako: zima kwanza, ngoja taa ya kijani izimike kabisa, ndipo kadi itoke.