Usimwage dawa ya minyoo kwenye ndoo ya lita 10

Wafugaji wa kuku wa kienyeji wananilalamikia kwamba dawa za minyoo za siku hizi hazifanyi kazi. Nikiuliza waliipaje, jibu ni lile lile: pakiti imechanwa, nusu imemwagwa kwenye ndoo ya lita 10, ndoo ikawekwa chini ya mti, kuku atakayepita anywe. Wiki kadhaa baadaye mtetea anachinjwa na utumbo unakutwa umejaa minyoo myeupe, mingine inafika sentimita 10. Dawa haikuwa mbovu. Haikufika tumboni.

Tufanye hesabu. Kuku mkubwa hunywa takriban mililita 200 za maji kwa siku, na jua likiwaka huongeza. Kuku 20 ni lita 4. Ukiwawekea lita 10, zaidi ya nusu ya dawa itabaki ndooni hata kama hawana maji mengine. Na wanayo: dimbwi la bombani, sufuria zilizolowekwa, maji ya bata wa jirani. Ukienda kutazama saa 8 mchana unakuta maji yamepata moto, pumba zinaelea, unga umetuama chini kwa sababu hakuna aliyekoroga, na mwenye kuku ana hakika kabisa kwamba ametibu. Pesa imekwenda, na minyoo iliyoonjeshwa dawa kidogo ikabaki hai ndiyo inayozaa minyoo sugu.

Nichukue mfano wa piperazini, dawa ya minyoo inayonunuliwa sana. Kuku mkubwa anahitaji miligramu 100 za piperazini yenyewe, kifaranga wa chini ya wiki 6 anahitaji 50. Soma kwenye lebo gramu moja ya unga ina miligramu ngapi, kwa sababu pakiti hazifanani. Tuseme imeandikwa 500. Kuku wakubwa 20 mara 100 ni miligramu 2,000. Gawanya kwa 500, unapata gramu 4 za unga. Gramu, siyo vijiko! Kijiko cha chai cha mama kina kilima, cha mtoto kimepigwa bapa, halafu mnasema mmetoa dozi moja. Nenda kwenye duka la dawa za mifugo lenye mzani mdogo, wakupimie mbele ya macho yako, na uondoke na lebo. Kama lebo ya dawa yako ina maelekezo yake kwa kuku, fuata hayo.

Gramu hizo 4 zinaingia kwenye lita 1 tu ya maji. Ni mililita 50 kwa kila kuku, robo ya anachokunywa kwa siku, ili aimalize asubuhi ile ile. Chupa ya maji ya lita 1 inatosha kupimia.

Saa sasa. Jioni kuku wakishaingia bandani, ondoa maji yote. Saa 12:30 asubuhi wape pumba kavu kidogo ndani ya banda, kisha weka maji ya dawa uliyoyakoroga hadi unga wote umeyeyuka. Yagawe kwenye vyombo vitatu au vinne. Ukiweka kimoja, jogoo atakilinda na mitetea wanyonge hawatapata tone. Mlango usifunguliwe mpaka maji yaishe, na saa 4 yawe yameisha. Kuwafungia bila maji mpaka adhuhuri ili wawe na kiu zaidi ni kuwaua kwa joto, msifanye hivyo. Vifaranga watengwe na wapewe maji yao.

Kuku aliyejikunyata hanywi, kwa hiyo huyo mnyweshe mwenyewe. Kwa unga ule ule wa 500, yeyusha gramu 1 kwenye mililita 25 za maji, vuta mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mpe polepole pembeni mwa mdomo. Ukimsukumia kwa haraka itaingia mapafuni.

Rudia baada ya siku 14 hadi 21. Piperazini huondoa minyoo mikubwa, wachanga walio kwenye ukuta wa utumbo hupona, na wasiporudiwa wanakua na kutaga. Watu wengi huruka dozi hii ya pili.

Minyoo ya tegu, piperazini haiiwezi. Ukiona kwenye kinyesi vipande vyeupe kama punje za mchele, mwone mtaalamu akupe dawa nyingine. Zile dawa nyeupe za maji za albendazoli hutuama, kwa hiyo tikisa chupa na mpe kuku mmoja mmoja mdomoni kwa dozi uliyoandikiwa. Za mbuzi msijikadirie. Levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, ni ya kuogopa sana kuzidisha: kuku anaweza kufa.

Antibayotiki haiui minyoo, na kideri hakitibiwi kwa dawa yoyote, kinazuiwa kwa chanjo. Panga dawa ya minyoo wiki mbili kabla ya chanjo, kuku aliyedhoofishwa na minyoo haipokei vizuri. Dawa ikifanya kazi utaona minyoo kwenye kinyesi kesho yake, na uzito unarudi taratibu.

Tazama pia siku za kusubiri kwenye lebo kabla ya kula au kuuza mayai na nyama. Lebo isiyotaja mayai, usiitumie kwa mitetea wanaotaga.