Kutembeza kikundi kuangalia ndege Dodoma mvua zikianza

Kama unataka kuwatoa watu kumi hivi pale mjini mkaangalie ndege kwa miguu, subiri mvua za kwanza, yaani mwisho wa Novemba kuingia Desemba. Kiangazi ndege wapo pia, ila mvua ikishapiga mara mbili tatu mambo yanabadilika ghafla, migunga inachipua lakini majani hayajafunga kwa hiyo unaona mpaka ndani ya kichaka, kwera dume wanageuka njano wanaanza kusuka viota, na wale ndege wageni wa kutoka Ulaya na Asia wameshaingia. Kumbikumbi wakitoka ndo usiseme. Unakuta korongo wametapakaa kwenye shamba lililolimwa jana, afu juu yao kozi wa Amur, hawa wanazaliana huko Siberia na kaskazini mwa China, wanavuka Bahari ya Hindi wanapita kwetu kwenda kusini mwa Afrika, wanadaka kumbikumbi kwa miguu na kula hukohuko hewani bila kutua.

Pa kwenda, msihangaike na mbuga. Upande wa Hombolo panatosha kabisa, kuna bwawa, mtama, zabibu, mibuyu na vichaka vyote karibu karibu. Jambo kubwa ni hili: kaeni pale shamba linapoishia na pori linapoanzia. Wengi wakifika wanataka kuzama porini moja kwa moja wakidhani ndiko ndege waliko, wanaishia kuchomwa miiba na kusikia sauti tu. Pale ukingoni ndege anatoka kwenye miti kuja kula shambani, akishtuka anarudi, we umesimama tu unamwona akienda na kurudi. Simameni dakika kumi sehemu moja kabla ya kusogea. Dakika za mwanzo mtaona hamna kitu, msikate tamaa, wanawazoea.

Siku moja au mbili kabla pitia kwa mwenyekiti wa kijiji umweleze mnakuja wangapi na kufanya nini. Usilichukulie poa hili, Dodoma ya sa hivi mkulima akiona kundi la watu wa mjini wameshika darubini anajua mmekuja kupima viwanja. Mkimkuta shambani anzeni na salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", afu mwacheni aulize. Pia piteni kwenye njia ya mpakani, msikanyage mistari aliyopanda, na msimsifie sana kanga na kwale mbele yake maana ndo wanaomfukulia mbegu. Kwelea kwelea ndo kabisa, hao wakija mtama na uwele ukishakomaa wanamaliza shamba. Kama mtaingia msitu wa hifadhi, hiyo ni ruhusa nyingine, waulizeni TFS, wale Wakala wa Huduma za Misitu, mapema.

Nguo ziwe za kufifia, kaki au kijani iliyopauka, nyeupe na nyekundu ziacheni nyumbani. Ila kombati usivae hata kama umeinunua mtumbani, raia haruhusiwi na utajitafutia kesi bure. Na karibu na kambi ya jeshi darubini inabaki kwenye begi, hakuna cha ndege wala nini. Viatu vya kufunika, suruali ndefu, kofia, maji lita mbili kila mtu.

Darubini nzuri kwa kutembea ni 8x42, yaani inavuta mara nane na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Watu wanakimbilia zenye namba kubwa wakidhani ndo bora, kumbe kadiri inavyovuta ndivyo inavyotetemeka mkononi. Apu ya Merlin, ya simu ya kutambua ndege, ni bure, pakueni paki ya ndege mkiwa na wifi mjini, msisubiri kutafuta netiweki shambani.

Anzeni kutembea saa kumi na mbili asubuhi, mkichelewa hadi saa mbili mmekosa nusu ya utamu. Mmoja anayejua ndege atangulie, mwingine mtulivu awe nyuma kabisa, na asiwepo wa kumpita yule wa mbele. Kuonyeshana ndege ndo panapoleta vurugu. Kuna ule mtindo wa kuufanya mti kama uso wa saa, sasa mmoja akisema "saa tatu" nusu wanaangalia kulia kwenye namba 3, nusu wanaangalia kushoto kwenye namba 9 maana ndo saa tatu yetu, na ndege kashaondoka. Kubalianeni kabla, au semeni tu "mbuyu wa pili, tawi la kushoto, juu ya kiota". Kunyoosha mkono ghafla marufuku.

Wa kuwatafuta hasa ni wale wa kwetu. Kuna kasuku mdogo wa kijani, kichwa cheusi, mdomo mwekundu, shingoni njano, na macho yamezungukwa na duara jeupe kabisa, anakaa kwenye matundu ya mibuyu. Kuna kwezi wa kijivu mwenye mkia mrefu na jicho la rangi ya maziwa, hana mng'ao wa wenzake kwa hiyo watu wanampuuza, wakati yeye na yule kasuku kwa asili duniani wapo Tanzania tu. Hondohondo mwenye mdomo mwekundu naye mkimwona dume anabeba wadudu kwenda kwenye mti uleule kila mara, jueni jike kajifungia kwenye tundu kaziba kwa udongo kaacha upenyo mdogo wa kulishwa, kaeni mbali. Sauti za kurekodi za kuwaita ndege msipige, huu ni msimu wa kutaga.

Watoto watawafuata tu. Wapeni darubini wachungulie, wanajua viota kuliko nyie, ila msiwaahidi hela ya kuonyeshwa kiota maana kesho watawaletea makinda mkononi.

Saa tatu na nusu jua linakuwa kali, ndege wanatulia. Tafuteni kivuli mnywe chai huku yule mliyempa kazi ya kuandika anasoma orodha ya ndege mliowaona, na mkibishana kuhusu ndege mmoja bila kuelewana, andikeni "kozi" tu bila aina, msijaze kwa kukisia.